Tomati za Rwambuzi

Habari hii nilipewa na Débora, siku ya tatu ya matanga ya baba yake, tukichambua maharagi nyuma ya nyumba. Yeye aliipata kwa Musoki mwenyewe. Naandika vile nilisikia. Sikuongeza chumvi.

Ilikuwa jeudi, ndiyo Alhamisi, saa ine ya asubuhi.

Telefone ya Musoki ililia.

"Sombe imeiva," sauti ya mwanaume ilisema.

"Nifunike sufuria?"

"Funika."

Ikakatika.

Mutu mwengine angewaza chakula. Musoki alijua maana yake: camion, lori ya masasi ya bunduki, imeingia muji, na kufunika ni kuikamata. Masasi ya kupeleka muji wa Fataki, watu wauane tena.

Camion gani? Hakuna aliyejua. Bunia camion ni nyingi kama nzi. Itajulikana tu ile itakayosimama mbele ya nyumba moja katika mutaa wa Rwambuzi, kubeba malipo yake.

Musoki alikuwa mutumishi wa siri wa serikali. Kwa macho ya watu, aliuza vikwembe, vitambaa vya wanamuke. Ndani ya kitunga chake, chini ya vikwembe, kulikuwa bastola moja ya Makarov, radio ndogo, na kisanduku cheusi kama kipande cha sabuni, chenye kuingia katika internet ya watu bila kubisha hodi.

Alipanda moto, pikipiki TVS. Alishuka Rwambuzi. Akaingia katika chumba alichopanga mbele ya ile nyumba.

Madirisha yote ya ile nyumba yalizibwa na matofali. Juu ya mabati, solaire kumi na mbili za kuvuta umeme wa jua. Ndani, salon nzima ilikuwa shamba: tomati, saladi, fraise, chini ya ampule, taa za rangi ya zambarau. Mulimaji hakuna. Vijiti vilivyochomekwa katika udongo vilipima kiu yake, vikaita pompe, pompe ikaleta maji. Ampule ziliwaka na kuzimika zenyewe. Kulikuwa hata chupa kubwa ya gaz, ile majani yanapenda kupumua. Mutu akivuta nyingi, anakufa.

Mwenye shamba aliitwa Sébastien. Mugeni. Alikaa inchi ya mbali, akachunga vyote katika telefone: joto, maji, mulango, picha. Majirani walisema ni tajiri mwenye kupenda saladi.

Chini ya tomati alificha zahabu ya machimbo ya Mongbwalu, yale malipo ya masasi.

Mutu mumoja tu aliingia mule, siku mbili za juma, mardi na vendredi, kusafisha mipira ya maji. Muzee Honoré, baba ya Débora.

Honoré alikuwa mulimaji wa Fataki. Vita ilimukimbiza na bibi mugonjwa na binti mumoja. Bibi alikufia njiani. Miaka sita muzee hakupanda hata mustari mumoja wa maharagi yake mwenyewe. Siku aliyosikia masasi yanaenda kwao, alitafuta watu wa serikali yeye mwenyewe, kwa miguu.

Leo alikuwa ndani, radio ndogo mufukoni, kupiga picha za zahabu. Siku ambayo haikuwa yake.

Musoki alitaka vitu viwili: camion ikamatwe, na muzee atoke akipumua.

"Papa Honoré, unanisikia?" aliita katika radio.

"Nakusikia. Usipige kelele, sikio langu bado ni nzima."

"Picha za camera nimezishika. Patron anaona za jana. Lakini vile vijiti vya maji siwezi kuvidanganya. Usiguse maji."

"Nimesikia."

"Piga picha, toka."

"Weye unaamuru kama bibi yangu, Mungu amuweke."

Picha ziliingia. Moja. Mbili. Ine. Mifuko ilionekana vizuri.

"Inatosha. Toka, papa."

Mulango haukufunguka.

"Papa?"

"Binti yangu, kuko mupira umeziba. Hizi tomati za pembeni zimelala. Zinakufa hivi naziona."

"Acha zife!"

"Ziko na matunda."

"Papa Honoré!"

"Kikombe kimoja tu."

Mulimaji wa kwetu hapiti mbele ya mumea wenye kiu, hata kama ni wa adui yake. Honoré alichota katika pipa. Akamwagilia.

Kwa kile kisanduku cha Musoki namba iliruka. Unyevu wa udongo ulikuwa kumi na nane kwa mia. Ukawa makumi ine na moja. Na pompe ilikuwa imelala.

Kule mbali, telefone ingine ililia.

Mulango wa ile nyumba ukasema: klak.

Kisha sauti ya Sébastien ikashuka kutoka juu ya ukuta. Musoki aliisikia katika radio.

"Honoré. Leo ni jeudi."

Muzee alijibu mara moja.

"Nisamehe, patron. Nilikuja kuiba tomati. Njaa."

"Uko na nani?"

"Mwizi wa tomati anatembea na nani?"

Ile sauti ilicheka kidogo. Mafeni ya kuleta hewa yakasimama. Kikaanza kitu kama nyoka.

Sssss.

Gaz.

Musoki alilazimisha kufuli kwa kile kisanduku. Ilikataa. Mara ya pili. Ilikataa. Alishika Makarov.

Telefone ililia. Chef wake, Yves.

"Camion?"

"Bado. Muzee amefungiwa na gaz. Naenda kuvunja mulango."

"Ukipiga risasi, dereva atasikia. Atapita kama haijui ile nyumba. Tutamutafuta wapi?"

"Chef, anakufa."

Yves alikuwa na watoto, alijua kile alikuwa anaomba.

"Papa," Musoki alisema katika radio, "panda juu ya meza. Gaz inakaa chini."

"Nimepanda." Alikohoa. "Camion imefika?"

"Bado."

"Basi ngoja."

"Papa..."

"Fataki kuko watoto wa kaka yangu. Ngoja, nakuambia."

Musoki alingoja. Mukono mumoja kwenye Makarov, mwengine kwenye radio.

"Udongo huu ni muzuri," muzee alisema, polepole kama mutu wa usingizi. "Ni vile tu haujaona jua."

Hakusema tena. Radio ilibaki wazi. Musoki alisikia maji yakidondoka.

Minuti moja. Mbili. Mimi ninayeandika nilizaa watoto saba, lakini minuti kama zile sikuzijua.

Minuti sita.

Camion Fuso ya bleu ilisimama mbele ya ile nyumba. Klaksoni mara mbili.

"Chef. Fuso ya bleu."

Musoki alivuka barabara, kitunga juu ya kichwa.

"Mama, kikwembe bei gani?" dereva aliuliza, meno inje.

"Kwako ni bure."

Makarov ilimugusa shingo. Maaskari wakatoka pande zote. Chini ya magunia ya simenti, kulikuwa masasi, sanduku makumi tatu.

Hapo tu ndipo Musoki alipiga risasi. Mbili, ndani ya kufuli ya ile nyumba.

Muzee alikuwa juu ya meza, kati ya tomati, kikombe mukononi. Musoki alimubeba inje. Alimusukuma kifua, alimusukuma, mpaka askari mumoja akamushika bega.

"Mama, acha. Amekwenda."

Ndani, sauti iliuliza: "Nani huko? Nani?"

Musoki alirudi, akaachilia picha, akainua uso mbele ya camera.

"Muuza vikwembe."

Akakata waya. Kisanduku cheusi kilikuwa kimeshaonyesha fasi Sébastien anakaa. Mbele jua halijashuka, polisi ya kule walimukuta akiangalia telefone yenye giza.

Musoki alijitwika kitunga. Akaenda bila kugeuka, mwendo wa mutu anayetoka soko.

Nyumbani kwa muzee, Débora alikuwa anafua.

"Baba iko wapi?"

"Wanamuleta."

Débora aliacha nguo ndani ya maji.

"Weye ulikuwa wapi?"

"Mbele ya nyumba. Nilingoja camion minuti sita."

"Alikuambia ungoje?"

"Aliniambia. Lakini ningeweza kukataa."

Débora alimuangalia sana. Musoki hakuficha macho.

"Walijuaje kama alikuwa ndani?"

"Alimwagilia tomati."

Débora alicheka, kicheko kikavunjika katikati, kikawa kilio. "Nilijua! Baba huyu! Hata mbuzi ya jirani aliipa maji!"

Wanamuke majirani wa avenue walikuja, wakatandika mikeka. Musoki alisimama aende.

"Unaenda wapi?" Débora alimuuliza. "Keti. Ni matanga yako pia."

Akaketi. Siku mbili hakuwa amefunga jicho. Nyimbo zilianza, mutu mumoja akagawa chai. Débora alisogea, akamupa nusu ya mukeka. Musoki alijinyoosha pale, na viatu vyake, na mikono yake bado ikinuka majani ya tomati.

Akalala.