Chupa Tatu, Mwenye Mali Mmoja

Fundi cherehani aliweka chupa tatu za mafuta ya kupikia juu ya meza yake: nyekundu, kijani na bluu. Mbili zilikuwa tupu. Ya bluu aliinunua leo.

"Nimewakomesha," alimwambia mumewe. "Nyekundu walipandisha bei, nikahamia kijani. Kijani wakapandisha, nimehamia bluu."

"Na bluu bei gani?"

"Ileile."

"Basi umewakomesha kweli! Wanaolala na shibe ni wao."

Tangu mafuta yapande bei na kumeza pesa za mkate, watoto walikwenda shule bila kufungua kinywa.

Mdogo wa mumewe, mpakiaji wa mizigo kwenye ghala la vyakula, alicheka. "Shemeji, geuza chupa. Soma nyuma."

Fundi alisoma maandishi madogo. Chupa zote tatu zilitaja kampuni moja. Tena hazikuwa na lita kamili: mililita mia tisa tu.

"Napima viuno vya mtaa mzima," alisema, "chupa imenishinda!"

"Kampuni hiyo iliwanunua washindani wake wawili," mpakiaji alieleza. "Ikaziacha rangi za chupa zao. Wewe unahama chumba, nyumba ni ileile. Asiye na mshindani hujipangia bei."

"Sasa tufanyeje, shemeji? Tule chukuchuku, bila mafuta?"

"Nunueni nje ya nyumba hiyo. Nyuma ya gereji kuna mkamuaji mdogo wa alizeti. Bei yake ni nafuu, ila anauza kwa pipa."

Pipa lilikuwa kubwa mno kwa familia moja. Lakini kila aliyekuja kupimwa nguo alionyeshwa zile chupa tatu. Kufikia Jumamosi, familia kumi na moja zilikuwa zimejiunga kulinunua. Waligawana pipa kwa kopo la lita kamili. Pia waliiandikia ofisi ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara.

Mwezi uliofuata, mwenye duka walikokuwa wakinunua chupa alikuja mwenyewe. "Wateja wangu mmewapeleka wapi?" Alipoambiwa, alimtafuta mkamuaji na kumpa nafasi ya kuuza mafuta yake dukani.

Wiki iliyofuata, nyekundu, kijani na bluu zilishuka bei. Zote tatu, asubuhi moja.

"Unaona?" fundi alisema. "Hata kushuka wanashuka pamoja."

"Turudi kwa bluu?" mumewe alimchokoza.

"Thubutu! Nimehama vyumba vya kutosha."

Akawamiminia watoto chai, akawawekea mkate. Siku hiyo walichelewa shule kwa sababu ya kula.