Kituo cha Kwanza Kwenye Orodha

Ukumbi wa kliniki ya macho siku ya Jumatatu si mahali pa mtu mwenye haraka. Mabenchi yamejaa pomoni, waliochelewa wameegemea ukuta, na kila anayetoka chumba cha kupimia hutoka akipepesa macho kama mtu aliyeamshwa ghafla. Fundi alikuwa benchi la mbele, amebanwa kati ya mama aliyekuwa akimsimulia visa vya mkwewe na mzee aliyemlalia begani. Alikuja kwa sababu dada yake, ambaye aliishi naye, alikuwa amemchosha masikio. "Juzi umeusalimia mti," dada alimwambia. "Nenda ukapimwe kabla hujatuletea mti nyumbani ukasema ni mchumba."

"Anayefuata!" sauti ya kike iliita kutoka ndani.

Aliyefuata alikuwa yule mzee, lakini mzee alikuwa anakoroma. Fundi alimwegemeza taratibu kwenye mgongo wa benchi, akachukua kadi ya mzee, akaingia yeye.

Ndani alimkuta mwanamke kijana aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi likanyooka, gauni la kijani likichungulia chini yake, na raba miguuni, maana kazi yake ilikuwa ya kusimama kutwa. Aliitazama kadi, akamtazama yeye.

"Hapa pameandikwa miaka sabini na mbili."

"Kazi imenizeesha, Daktari."

"Kazi gani hiyo?"

"Natengeneza programu za kompyuta. Nipo makao makuu ya idara yenu."

"Kumbe ndio nyinyi! Mnatuongezea kazi halafu mnasema mmeturahisishia." Alimsogezea kiti. "Keti. Nisomee mstari wa chini kabisa."

"Kuna mstari huko chini?"

Hapo alicheka, kicheko cha mtu aliyekuwa akikibana tangu asubuhi, na Fundi alikipenda kabla hajauona uso vizuri. "Halafu mimi siyo daktari," alisema huku akifuta lenzi. "Mimi ni mpima macho."

"Kwangu ni daktari."

"Na kwangu wewe ni mtu aliyemruka mzee kwenye foleni. Tulia, tazama mbele."

Alitoka na karatasi ya miwani mfukoni, pamoja na namba ya simu aliyoiomba kwa kisingizio kisichomdanganya hata mtoto, eti kama miwani itambana. Haikumbana. Alipiga hivyo hivyo.

"Inabana, Daktari."

"Inabana wapi?"

"Nikiivaa naona kila mtu isipokuwa wewe."

"Mungu wangu, huyu mtu! Kula, ulale, Miwani."

Jina likamganda. Yeye akawa Miwani, naye akamwita Daktari, na mapenzi yakakolea hata wagonjwa wa kliniki wakawa wanajua. Walikuwa wakitembea jioni baada ya kazi, bila kwenda popote. Kila wakisimama kuvuka barabara, Daktari alimvua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lile la kijani, akamrudishia puani. "Nitalichakaza gauni langu kwa ajili yako, halafu uniache," alisema. Fundi alimjibu kwamba akimwacha atapofuka tena, na huyo alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu.

Tatizo lilikuwa moja. Daktari aliishi na baba yake, mjane aliyestaafu, na baba alitaka kumwona mwanamume anayempigia simu binti yake kila siku.

"Baba ananiuliza kama huyo Miwani ni mtu au ni sauti ya simu."

"Jumamosi nakuja, haki ya Mungu."

"Ulisema hivyo Jumamosi iliyopita, mpenzi. Na ile ya kabla yake."

Hakuwa akimkwepa mzee. Kila mwaka watumishi wote wa idara, hata wasiotaka kuhama, walijaza karatasi za uhamisho, na safari hii Mkurugenzi aliamua zijazwe kwenye mtandao, tena upesi. Programu ambayo Fundi aliitumia ilikuwa nyepesi: unachukua kisanduku pembeni, unakiburuta hadi kwenye ukurasa, unakipa jina. Cha kuandikwa unakiacha wazi, cha kuchagua unakipa orodha inayokunjuka mtu akiibonyeza. Jina la mtumishi, kazi yake, kituo cha sasa, vyote vilikaa mahali pake. Alikuwa kwenye "Kituo unachotaka kuhamia", anavipanga vituo kwa alfabeti, simu ilipolia.

"Uko wapi?"

"Ofisini mara moja tu, roho yangu."

"Leo Jumamosi, Miwani. Baba amevaa shati lake la sherehe tangu asubuhi. Amekataa hata kuketi kwenye kochi, eti litapata mikunjo."

"Nimeshamaliza. Natoka sasa hivi. Mwambie anisubiri!"

Na kweli alitoka sasa hivi. Kila anayefanya kazi ile anajua kwamba juu kabisa ya orodha kama hiyo huwekwa mstari usio na kituo chochote, ili asiyechagua ahesabike kuwa hakuchagua. Fundi aliujua mstari huo kama anavyolijua jina la mama yake. Siku hiyo hakuuweka. Alibonyeza "Hifadhi", akateremka ngazi mbilimbili, na orodha ikabaki na kituo cha kwanza kikiwa kimekaa juu, kikimngoja kila ambaye hatagusa kitu. Kituo hicho kilikuwa cha mpakani, safari ya siku mbili kwa basi, na hakuna mtumishi aliyewahi kuomba kwenda huko akiwa na akili zake.

Alipofika, baba alikuwa ameshavua shati. Alipokea mkono wa Fundi, akamuuliza habari za kazi, akapiga miayo, akaingia chumbani. Daktari alimsindikiza hadi mlangoni bila kumgusa.

"Sijui mimi ni wa ngapi kwako," alisema. "Najua tu siyo wa kwanza."

"Daktari, ni kazi tu."

"Nenda ukalale."

Hawakuzungumza vizuri wiki ile. Daktari alijaza fomu yake kwenye simu, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Hakutaka kuhama, kwa hiyo kisanduku cha kituo alikiruka. Aliliona jina la kituo pale, akadhani wameweka mfano.

Mkurugenzi alipopata majibu alitoka ofisini kwake amefurahi kupita kiasi. "Watu wameomba mpakani! Kwa hiari yao! Miaka yote tumekuwa tukiwasukuma, kumbe walitaka kuulizwa kwa kompyuta tu." Fundi alifungua orodha ya hao mashujaa, na jina la Daktari lilikuwa katikati yao.

Fundi mwingine angejiuliza mfumo una kasoro gani. Yeye alijiuliza yeye mwenyewe ana kasoro gani, na jibu alikuwa nalo tayari. Ameamua kuniacha, alisema moyoni, na ameona bora aende mbali kabisa. Iliuma mno. Akaacha kupokea simu zake. Jioni alijilaza kitandani na viatu, na dada yake akaja kusimama mlangoni.

"Mpigie umuulize."

"Nimuulize nini? Ameandika mwenyewe."

"Yeye ana mdomo, wewe unaiuliza kompyuta?"

"Dada, niache."

Siku alipopokea simu, Daktari hakumsalimia.

"Miwani, nimepata barua. Wananipeleka mpakani. Wanasema niliomba."

"Si uliomba."

"Niliomba wapi?"

"Nimeliona jina lako kwa macho yangu."

"Umeliona lini?"

"Siku nyingi."

"Ulijua siku zote hizo, na hukuniambia?"

"Wewe uliniambia wakati unaomba?"

"Sijaomba, Miwani. Nakuapia kwa kaburi la mama."

"Mfumo hausemi uongo."

Alikata yeye, Fundi, na baadaye alijuta kwa hilo kuliko kwa mengi. Barua ilimpa Daktari wiki moja ya kupinga, naye alipinga. Aliandika kwa mkono kwamba hakuomba kituo chochote, kwamba ana baba mzee, na kwamba kama fomu inaonyesha vingine basi ichunguzwe. Barua ile ilipita ofisi ya utumishi, ikateremshwa hadi kwa fundi wa mfumo ili athibitishe. Fundi aliisoma akiwa na hasira ya mtu aliyeachwa. Hakuifungua fomu. Alipiga muhuri, akaandika chini yake: "Kumbukumbu ni sahihi." Akatia sahihi.

Siku chache baadaye, dereva wa makao makuu aliingia ofisini kwake bila kubisha, amekunja barua mkononi kama mtu anayetaka kuua nzi.

"Fundi, umenifanyia nini? Mimi nimeomba mpakani?"

"Ndivyo ulivyojaza."

"Nina mke na mapacha wa miezi mitatu, niombe mpakani, nina wazimu? Hicho kisanduku mimi sikukigusa!"

"Hukukigusa?"

"Sikukigusa kabisa!"

Fundi aliifungua fomu. Akaandika jina la uongo, kisanduku cha kituo akakiacha kama kilivyo, akatuma. Kisha akaangalia kilichopokelewa. Mpakani. Akarudia, ikawa mpakani. Dereva aliendelea kulalamika mwenyewe, maana Fundi alikuwa ameshaondoka chumbani.

Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, na kwa haki ya Mungu alisikitika.

"Dereva nitambakisha, gari lake halijachukuliwa na mtu, na wale wengine barua zao nitazifuta," alisema. "Huyu wa macho nafasi yake imejazwa. Mpima macho wa mpakani ameshafika hapa. Amekaa kule hadi nywele zimeingia mvi, na mume wake anasafishwa damu hapa hospitali kuu mara tatu kwa wiki. Nimrudishe?"

"Lakini kosa ni langu, mzee. Rufaa yake..."

"Rufaa yake uliijibu wewe." Akafungua jalada, akaligeuza upande wake. "Hii si sahihi yako?"

Ilikuwa sahihi yake, tena nzuri.

Alimkuta Daktari anakunja nguo kitandani, mlango wazi, vitu vya baba vimeshafungwa pembeni kwa sababu mzee anahamia kwa shangazi. Fundi alisimama mlangoni akaeleza yote, tangu simu ya Jumamosi hadi jalada la Mkurugenzi. Hakujitetea. Daktari aliendelea kukunja.

"Kwa hiyo ni mstari mmoja tu uliosahau."

"Mmoja tu."

"Huo ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Ungekuja siku ileile, tungeucheka." Aliketi. "Rufaa yangu ilirudi na jina lako chini yake. Niliisoma, nikasema labda kuna fundi mwingine mwenye jina kama lako. Nilimuuliza hadi tarishi."

"Nilidhani umeniacha."

"Ungeniuliza."

"Nilikuwa na hasira."

"Mimi nilikuwa na hasira pia, Miwani, lakini nilikuwa napiga simu."

Fundi akapiga magoti pale sakafuni, kati ya mabegi. "Tuoane. Kesho, hata leo. Nitaacha kazi nikufuate, huko nitafanya kazi yoyote."

Machozi yalimtoka Daktari, na hakuyaficha. Alimvua miwani, akatafuta pindo la kuifutia, kisha akaona hana haja, akamrudishia kama ilivyo.

"Usinioe kwa kuniomba radhi," alisema. "Nikiamka kila siku nitakuwa namwona mtu anayelipa. Inuka, mpenzi. Utachafua suruali."

Daktari aliondoka na basi la asubuhi, amevaa koti zito la safari. Alimwacha Fundi amkumbatie. Baba alikuwepo kituo cha mabasi, amevaa shati lile la sherehe, na safari hii ndiye aliyemshika Fundi mkono kwanza.

Mwaka ulipita. Walisalimiana kwa simu kwenye sikukuu, kwa maneno ya adabu. Fundi alikuwa ameirekebisha fomu siku ileile ya dereva, na kabla ya kuifungua tena aliijaribu kila namna, kwa kompyuta na kwa simu, hadi wenzake wakamcheka. Kisha akapata habari njema kuliko zote: kliniki ya hapa ilitaka mpima macho wa pili, na nafasi hiyo ilikuwa imewekwa kwenye orodha. Alisubiri siku mbili, akapiga.

"Daktari."

"Miwani! Hujambo? Ngoja nitoke nje, humu kuna wagonjwa." Upepo ulisikika. "Haya, sema."

"Fomu za uhamisho zimefunguliwa."

"Najua. Nimeshajaza."

Fundi alivuta kiti, akakaa. "Umeiona nafasi ya huku?"

"Nimeiona. Ipo katikati ya orodha."

"Umeichagua?"

"Hapana. Nimeshuka hadi mwisho, pale ulipoongeza 'Nibaki nilipo'."

"Labda uligusa vibaya," alisema haraka. "Orodha ile kwenye simu huteleza. Naweza kukufungulia ujaze upya, ni kitu cha dakika moja, hakuna atakayejua."

"Miwani."

"Au niangalie kwanza kama huku imepokelewa vizuri, maana mtandao wa huko..."

"Miwani, nisikilize. Mwaka huu fomu yako haina kosa. Nimechagua mwenyewe."

Kisha Daktari alimuuliza habari za dada yake, akamwomba amfikishie salamu, akaaga akarudi kwa wagonjwa wake.