Kifurushi cha Kupeleka Komose

Gari lilisimama kwenye kibanda cha ngisi waliokaushwa, hatua chache kabla ya Daraja la Urabe, kwa sababu Kuramitsu Morihiko alitaka kitu cha kutafuna huku akiiponda pwani. Ilikuwa saa kumi jioni, mwezi wa kumi na moja, jua limeshaanza kushuka baharini. Mkewe, Chizuru, ndiye aliyeshuka kununua. Kazi zote za kushuka garini zilikuwa zake.

Ilikuwa siku ya tatu ya safari yao. Morihiko alikuwa amestaafu, na kutoka kwao Okayama walikuwa wanazunguka kutazama ngome za kale na madaraja ya pwani. Mtu mwingine angeiita matembezi. Morihiko aliigeuza ukaguzi. Ngome ya kwanza aliidharau kwa kuwa ilijengwa upya kwa saruji na ndani mna lifti. Ya pili ilikuwa ya mbao zile zile za miaka mia nne iliyopita, akaidharau kwa kuwa haina lifti na magoti yanamuuma. Asubuhi hiyo, kwenye ya tatu, alimwambia mlinzi wa mlangoni, macho makavu, kwamba choo cha nyumbani kwake kina historia kuliko mnara ule. Chizuru akainama, akaomba radhi.

Usije ukadhani bwana huyu alikuwa mjenzi, au msomi wa mambo ya kale. Wapi! Alikuwa karani, miaka thelathini na minane kwenye kiti kimoja. Rafu ya jikoni ilimshinda kupigilia, akaita fundi, halafu akamsimanga fundi.

Chizuru yeye alikuwa na ujuzi wake. Miaka ishirini na sita alisimama kwenye kaunta ya duka kubwa la mjini akifunga zawadi. Angeweza kufungua kifurushi cha mtu, akakifunga tena, na mwenyewe asijue. Alijua karatasi ya furaha hukunjwa upande wa kulia ukae juu, na ya msiba upande wa kushoto. Alijua pia kwamba ukipewa kitu, siku zikipita kidogo, unarudisha nusu yake. Upewe harusini, upewe msibani, nusu lazima irudi. Alizifunga nusu za watu mpaka vidole vikapinda. Mumewe aliiita kazi hiyo kukunja makaratasi.

Bibi muuza ngisi, taulo kichwani, alimpa chenji kisha akamshika mkono.

"Mkiwa juu ya daraja, mama," alinong'ona, "msitaje daraja jingine. Huyu ana wivu."

Akaeleza kwamba hata maharusi hawapiti pale. Wanazunguka kwa njia ya mlimani, mbali kweli. Chizuru alirudi garini akamweleza mumewe. Morihiko alicheka mpaka ngisi akampalia.

Walipofika katikati ya daraja, akateremsha kioo. Akatoa kichwa nje, mzee mzima.

"Daraja la Seto, lile ndilo daraja!" akapiga kelele. "Hili ni ubao wa kufulia!"

Upepo ukakatika.

Magurudumu yalikuwa yakigonga viungo vya daraja. Ngo... ngo... ngo... Halafu ikaja ngo moja nje ya mpigo, chini kabisa ya kiti cha Chizuru. Harufu ya chuma chenye kutu na mwani uliooza ikajaa garini. Morihiko akafyonza, akasema hata hewa ya huku haijafuliwa.

Pale daraja linapoishia, mwanamke alikuwa amesimama katikati ya njia. Kimono cha kijivu. Mvua haikuwa imenyesha siku nne, lakini pindo lake lilikuwa likichuruzika maji. Morihiko akashika breki, akamwambia mkewe ashughulike na huyo kichaa. Chizuru akateremsha kioo cha upande wake.

"Mnakwenda Komose?" mwanamke aliuliza kwa sauti ya chini.

Chizuru akakubali. Walikuwa wanaelekea huko kutazama mabaki ya ngome kwenye mlima ulio juu ya Daraja la Komose, jua likizama.

"Mdogo wangu yuko pale darajani. Naomba mnipelekee hiki."

Kilikuwa kifurushi cha karatasi nyeupe, kama boksi la peremende. Mwanamke hakukiachia mara moja. Alimtazama Morihiko, akarudisha macho kwa Chizuru.

"Huyu bwana akikosea, nani huomba radhi?"

"Mimi," Chizuru akajibu.

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Basi ni wewe."

Akakiachia. Nani atakataa kumbebea mtu mzima mzigo wake njiani? Kwao hilo halifanyiki, utakufa kwa aibu. Chizuru akakipakata. Kilikuwa chepesi, na baridi yake ilipenya sketi mpaka mapajani. Alipotazama kwenye kioo cha nyuma, barabara ilikuwa tupu. Palibaki alama ya maji tu.

Nusu ya njia kulikuwa na kituo cha mapumziko. Morihiko akaingia kula tambi, na kumfundisha mpishi namna ya kuzipika. Chizuru akabaki garini na kifurushi chake. Hapo ndipo alipoitazama ile karatasi vizuri.

Upande wa kushoto ulikuwa juu.

Mkunjo wa msiba. Na msiba wenyewe haukuwepo. Miaka ishirini na sita mikono yake haikuwahi kukosea jambo hilo. Akapitisha ukucha chini ya gundi, taratibu, karatasi isichanike. Ndani mlikuwa na kipande kimoja cha karatasi yenye unyevu. Kiliandikwa: *Mdogo wangu, wamenitukana juu ya mgongo wangu mwenyewe. Atakayekukabidhi hiki kwa mkono wake ni wako.*

Alichohisi kwanza kilikuwa hasira, hasira kavu ya miaka thelathini na mmoja ya ndoa. Mdomo ni wa yule, shingo ni yake! Hata huko kwa wasio watu, bili ya Morihiko inaletwa kwa Chizuru.

Akakifunga tena haraka haraka, akashuka, akaenda kukitupa kwenye pipa la chupa. Alikisikia kikigonga chini. Alipofungua mlango wa gari, kilikuwa kwenye kiti chake. Kimelowa pembe moja tu. Upande wa kulia ulikuwa juu, vile vile mikono yake ilivyokikunja bila kumuuliza. Mkunjo wa furaha. Mkunjo wa zawadi. Alikitazama, akajua amekosea. Hakukifungua akirekebishe.

Walifika Komose mwanga ukiwa umebaki mstari mwekundu juu ya maji. Mlimani mawe ya ngome yalikuwa yamelala ovyo kwenye nyasi. Morihiko akasimamisha gari kabla ya daraja, akasema amewahi kuona mabanda ya nguruwe yaliyojengwa kwa heshima kuliko hayo. Katikati ya daraja, kwenye ukingo, alisimama mwanamke mwingine wa kimono cha kijivu, amewapa mgongo. Lori moja moja lilikuwa likipita.

Chizuru alimwambia mumewe mara moja. Kwa upole, na kwa maneno yaliyonyooka.

"Mzee, nimesoma kilichomo ndani. Anayekikabidhi harudi. Tuondoke."

Morihiko akamgeukia. Unadhani aliogopa? Unadhani hata aliuliza harudi vipi?

"Umefungua mzigo wa watu?"

"Nimefungua."

"Yaani wewe. Mtu wa kaunta ya zawadi. Umefungua mzigo wa watu."

Uso wake ulikuwa umewiva kwa aibu, aibu ya dhati. Chizuru alikuwa hajawahi kumwona hivyo, hata siku alipomtukana kuhani wa hekalu kwenye mazishi ya mama mkwe. Akakinyakua kile kifurushi mapajani mwake.

"Leta hapa. Wewe utakwenda kuinamainama kama kuku anayedonoa, ututie aibu zaidi. Leo nitaomba radhi mimi. Kwa ajili yako."

Chizuru alikuwa na nafasi ya kumshika mkono wa koti. Koti lilipita hapo hapo, vidole vyake vililigusa. Akavirudisha mapajani.

Alimwona akitembea, kifua mbele, kama mkaguzi. Yule mwanamke akageuka. Morihiko akanyoosha mikono yote miwili, akatoa kifurushi, akainama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliinama vizuri. Kisha akainama zaidi. Kisha zaidi... Kichwa kikapita magoti, na bado kilikuwa kinashuka.

Mwanamke hakuwa akimtazama. Alimtazama Chizuru, kule garini, akainamisha kichwa kama mtu aliyepewa kitu kikubwa ambacho hakukitarajia.

Lori likapita katikati yao. Lilipokwisha kupita, darajani hapakuwa na mtu.

Palikuwa na viatu. Polisi walivikuta ukingoni, vimepangwa sambamba, ncha zikitazama bahari, na wakatikisa vichwa. Viatu vya namna hiyo wanavijua, huachwa na wanaojirusha wenyewe. Mzee kastaafu, moyo mzito, mambo haya hutokea, pole sana mama. Chizuru akaitikia. Hakuwaambia kwamba katika miaka thelathini na mmoja Morihiko hakuwahi kupanga viatu vyake hata siku moja. Alivivurumisha mlangoni, akavipanga mkewe.

Siku ya arobaini na tisa, ya kumaliza matanga, ikafanyika kama desturi. Watu walileta rambirambi, Chizuru akawarudishia nusu, chai na taulo, kushoto juu, pembe kali. Nyumba ikawa kimya. Sitaficha, alianza kulala vizuri. Alinunua mapazia ya manjano, rangi ambayo Morihiko aliiita ya wagonjwa.

Asubuhi ya siku ya hamsini, alikuwa ametoka kumimina chai. Mlango ukagongwa.

Ngo.

Mara moja tu. Nje hapakuwa na mtu. Kizingitini kulikuwa na kifurushi cha karatasi nyeupe, hakina jina la mtumaji. Kilinuka kutu na mwani. Upande wa kulia ulikuwa juu, na aliyekikunja alikuwa amejitahidi sana kuiga mkono wake.

Chizuru alikiweka mezani, akakaa. Alijua ni kitu gani. Alikuwa ametoa zawadi, na aliyepewa alikuwa anajua adabu. Kilichomtia jasho ni swali moja tu: nusu ipi?

Akapitisha ukucha chini ya gundi. Akafunua.

Boksi tupu. Chumvi kidogo kwenye pembe, basi. Chizuru akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Akaichukua ile karatasi, kwa mazoea, akaanza kuikunja aihifadhi.

"Kile kifurushi," ikasema sauti kutoka ndani ya boksi, ile ile ya Morihiko, ya puani, "ulikikunja kinyume."

Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, alikuwa amesema kweli.

Chizuru alitaka kucheka. Alitaka kulibeba boksi lile alitie motoni, au alirudishe Komose leo leo. Lakini mgongo wake ulikuwa umeshainama, na mdomo umeshafunguka wenyewe.

"Samahani," akasema.

"Na chai yako," ikasema ile nusu, "imepoa."