Pikipiki ya Mwendo wa Kobe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Juliana aliifuta vumbi pikipiki mpya ya baba yake. Baba alikuwa bado anaizoesha injini: hakubeba mzigo mzito wala kukimbia, mpaka oili ya kwanza ibadilishwe. Hata malori ya mbao yaliyopanda mlima wa Sao Hill yalimpita.

“Baba yako amepakia mayai?” Liberatus alimtania darasani. Wenzake wakacheka.

Siku hiyo jioni, baba alipokwenda kwa miguu kwenye mazoezi ya kwaya, Juliana alimpa binamu yake Dastan ufunguo.

“Pita kwa kina Liberatus, wakuone.”

Dastan alifunga mbao nyuma, kuonyesha kuwa inabeba, akapanda mlima kwa kasi. Katikati ya mlima injini ikagonga, ikanuka kuungua, ikazima. Alirudi akiisukuma. Ilipopoa iliwaka, lakini bado iligonga.

“Tukinyamaza, nani atajua?” Dastan alisema.

Juliana aliurudisha ufunguo mahali pake.

Asubuhi baba alivaa koti lake la baridi. “Mama yenu ameruhusiwa hospitalini. Nakwenda Mafinga kumchukua.” Akawasha pikipiki, akatega sikio. “Mbona inagonga?”

“Baridi tu, baba mdogo,” Dastan alisema, akitazama chini.

Pikipiki ikaondoka. Akilini Juliana alimwona mama amekaa nyuma, bado mdhaifu, na lori la mbao likiwafuata. Alikimbia kwenye tope, akapoteza ndala moja, akashika keria ya nyuma ya pikipiki.

“Baba, usimpakie mama. Niliiba ufunguo nikampa Dastan, kwa sababu shuleni wananicheka. Aliipandisha mlima na mbao.”

Baba alizima injini. Alikaa ukingoni mwa barabara, kisha akaisukuma pikipiki kurudi nyumbani.

Jirani yao, Bartholomeo, alimleta mama kwa gari lake. Fundi alipoifungua injini, alikuta pistoni imechubuka. “Ingekwama njiani, gurudumu la nyuma lingeganda,” alisema. Dastan aliuza mbuzi wake ili pistoni mpya inunuliwe.

Jioni hiyo baba alimwita Juliana. “Injini mpya ikilazimishwa huumia ndani, nje inang'aa. Na wewe jana ulikuwa hivyohivyo. Kosa lako ni kubwa, mwanangu. Lakini ungelificha, leo tungekuwa tunalia. Usikubali kicheko cha watu kikuondoe kwenye lililo sahihi.”

Wakaanza kuizoesha upya. Liberatus alipopiga kelele, “Kobe hao!”, Juliana, akiwa nyuma ya baba, alimpungia mkono.