Nilimfuatilia Mchumba Wangu Ili Nipate Sura ya Mwisho

Mwaka huu nimetimiza miaka ishirini na sita, na hadi miezi michache iliyopita nilikuwa mchumba wa mtu. Leo si mchumba wa mtu yeyote. Naandika haya nikiwa chumbani kwangu Kiembeni, huku Kisauni, na sioni haya kuwaambia kwamba nimelia hadi machozi yenyewe yamechoka nami...

Mimi ni mwandishi. Vitabu vyangu havijafika madukani bado. Naandika riwaya za mapenzi na taharuki, zile ambazo msichana anapenda kwa moyo wote, halafu simu au kompyuta inamfichulia jambo ambalo moyo haukulijua. Kila Ijumaa jioni nilituma sura moja katika kundi letu la wasomaji la kwenye simu.

Jumamosi tulikutana waandishi wachache katika chumba kidogo Mkomani, tukasomeana kazi zetu. Huko ndiko nilikoaibishwa. Katika riwaya yangu ya pili niliandika kwamba mke aliingia ndani ya simu ya mumewe kwa kuilaza tu karibu na yake. Salim, mwenzetu ambaye ni mshairi na fundi wa simu, alicheka hadi akavua miwani.

"Dada Kache, hiyo ni simu au mganga?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Tangu siku hiyo nikaapa kwamba sitaandika mtambo wala programu ambayo sijaijaribu kwa mikono yangu. Niliona huo ndio uaminifu wa mwandishi. Laiti ningalijua utaniponza!

Mchumba wangu nitamwita Chengo, ingawa si jina lake. Alitoka kwao Kaloleni akiwa kijana, akawa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka kwetu. Alikuwa mpole, mcheshi, na mikono yake imejaa alama za cheche. Wazee wake walikuwa wameshaleta kadzama nyumbani, ule mtungi wa mnazi wa posa, na baba yangu akaunywa mbele ya watu. Harusi ilikuwa ifungwe kanisani Desemba.

Chengo hakuwahi kuniandikia ujumbe hata mmoja. Alinitumia sauti yake tu. "Wa kuandika ni wewe," alikuwa akisema. "Mimi nimepewa mdomo." Na kila nilipomaliza sura mpya, hakukubali kuisoma mwenyewe. "Nisomee wewe, mama. Ikitoka kinywani mwako ndiyo inakuwa hadithi." Basi angeketi kwenye kiti cha plastiki nje ya karakana, afumbe macho, nami ningemsomea hadi nukta ya mwisho. Nilidhani ni mapenzi. Na kweli yalikuwa mapenzi... ila hayakuwa mapenzi peke yake.

Riwaya yangu ya nne ilimhusu msichana aitwaye Zena, anayemfuatilia mchumba wake kwa simu na kumwona kama kitone cha buluu kwenye ramani. Nilihitaji kujaribu. Jumapili moja Chengo alinipa simu yake, kama alivyozoea, nimsomee ujumbe ulioingia. Nikamsomea. Kisha, kabla sijamrudishia, nikaiwasha ile huduma ya kuonyesha mahali alipo. Simu ikauliza kama mwenyewe anakubali. Nikabonyeza ndiyo. Nilijiambia ni kwa siku mbili tu!

Jumanne aliniambia anakwenda Shanzu kufunga mageti ya hoteli. Kitone kikavuka daraja la Nyali, kikapita kisiwani, kikaenda kutulia Changamwe. Kilikaa hapo tangu saa kumi na moja hadi saa moja jioni. Alhamisi, hivyo hivyo. Wiki iliyofuata, hivyo hivyo!

Nilipomuuliza Shanzu kulikuwaje, alinijibu, "Jua tu, mama, lakini kazi imekwenda." Mwongo gani huyu, nilijiuliza, anayeniita mama huku akinidanganya?

Kwa nini sikumwambia ninalolijua? Wasomaji wenzangu, hilo ndilo ninaloliungama leo. Niliumia, ndiyo. Chakula kilinishinda. Lakini chini ya maumivu yale kulikuwa na furaha ndogo, mbaya... furaha ya mwandishi aliyeokota kisa. Nilijua nikimuuliza atanijibu, na akishanijibu hadithi itakuwa imekwisha!

Basi nikaandika. Zena akaona kitone kikielekea kusikotarajiwa, na kundi likawaka moto. "Mfumanie!" "Wallahi huyo ana mke Changamwe!" "Mwandishi, usitufanyie hivi, Ijumaa mbali!" Wasomaji wakaitana, kundi likafurika. Sikuwahi kusomwa vile maishani mwangu. Nilibadilisha jina la mwanamume, basi. Nilimwacha awe fundi wa kuchomelea, nikamwachia kovu la kwenye kiwiko, hata kofia yake ya kijani nikamwachia. Ulikuwa uvivu, au ujeuri? Hadi leo sijui.

Rafiki yangu Mwanaisha, wa kile chama chetu cha Jumamosi, aliniuliza kama Zena ni mimi. Nikacheka, nikamwambia ni riwaya tu.

"Haya," akasema. "Basi muulize huyo bwana wa kwenye riwaya aendako, kabla hujamchinja."

Nikamwona ana kijicho.

Alhamisi ya wiki ya tano nikamfuata. Kitone kiliniongoza hadi ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, ukuta wake una matundu ya kupitisha hewa. Nikachungulia; tundu lile lilinionyesha meza moja tu. Chengo alikuwa ameketi mezani, kofia ameivua. Mwanamke mmoja alikuwa amemwinamia, na mkono wake umeufunika mkono wa Chengo. Walikuwa wakicheka!

Nikaamini nimesalitiwa. Lakini mkono wangu ulikuwa mzima kabisa... ukatoa simu, ukapiga picha.

Ijumaa nikazifunika nyuso zao kwa ukungu, nikaiweka picha juu ya sura kama jalada. Wakauliza kama ni ya kweli. "Kisieni wenyewe," nikawajibu. Nilijiona bingwa!

Mara msomaji mmoja akaikuza ile picha, akaandika, "Jamani, hebu tazameni mezani." Nami nikaikuza. Kulikuwa na daftari la mistari mipana, na ndani yake herufi moja iliyopinda, imerudiwa mstari mzima. Vidole vya yule mwanamke vilikuwa vimeshika penseli pamoja na vidole vya Chengo.

"Hafumaniwi huyu, anafundishwa kuandika!"

"Mwanamume mzima yuko chekechea!"

Vicheko vikashuka mfululizo, hata sikuweza kuvifuata. Kisha mtu mmoja akauliza, "Hiyo kofia mezani si ya Chengo wa mageti, hapa Kiembeni?"

Nikaifuta picha. Nikalifunga kundi. Ilikuwa kazi bure, ilishatoka... Jumamosi asubuhi fundi mmoja alisoma sura zangu zote kwa sauti pale karakanani, na Chengo akasimama kusikiliza hadi mwisho, kwa kuwa hangeweza kuzisoma mwenyewe.

Nilimkuta akifungasha vyombo vyake. Nilipiga magoti kwenye vumbi la chuma nikamwomba msamaha. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza!

"Ungeniuliza, Kache."

"Nilidhani una mwanamke."

"Ungeniuliza ningekwambia. Ningeona haya, lakini ningekwambia." Akafunga mfuko wake. "Nilitaka siku ya harusi nitie sahihi yangu. Nisipakwe wino kidoleni mbele ya jamaa zako wasomi. Ni hilo tu."

Kisha akanitazama. "Kwenye hadithi yako, simu iliuliza kama mwenyewe anakubali. Uliponijibia... ulijisikiaje?"

Akautia mfuko begani, akatoka.

Alirudi kwao Kaloleni. Baada ya wiki mbili mjomba wake alikuja kuzungumza na baba, na posa ikavunjwa kwa adabu zote, bila tusi hata moja. Simu ya Chengo haipokewi tena ninapopiga, na kile kitone sikioni. Alimtafuta mtu akamzimia ile huduma.

Nilikwenda Changamwe kumwomba radhi yule mwanamke, mwalimu mstaafu anayefundisha bila malipo. Ukumbi niliukuta na kufuli. Nikaelekezwa nyumbani kwake, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa kiti.

"Walikuwa kumi na mmoja," akaniambia. "Mama wa samaki, walinzi, mpishi wa shule. Huyo mpishi amebakisha kidogo asome barua za mwanawe. Mwenzao alipochekwa, wote wakaogopa. Hawaji tena."

Nikaanza kulia. Akaningoja nimalize.

"Mimi huna cha kuniomba, mwanangu. Kawatafute wao."

Nimewapata wawili hadi sasa. Mmoja alinifungia mlango. Wa pili, mlinzi wa makamo, alinisikiliza, akaniuliza kama na yeye nimempiga picha. Nilipomwapia kwamba sikumpiga, hakuniamini. Angeniaminije?

Riwaya ile haina sura ya mwisho, na wanaonidai naomba waache. Nimejifunza kwamba mtu anayekupenda si mtambo wa kujaribiwa, na simu inapouliza kama mwenyewe anakubali, mwenyewe si wewe! Wewe unayeandika, wewe unayempekulia mwenzio simu kwa siri, nakusihi... iweke chini, umwangalie usoni, umuulize. Jibu linaweza kukuumiza. Lakini litakuwa lake, amekupa kwa hiari.

Na nina ombi moja jingine. Picha ile bado inazunguka. Wiki jana ilinifikia mimi mwenyewe, imetumwa na binamu yangu aliyeko Voi, na maneno ya mzaha chini yake. Ikikufikia, tafadhali ifute. Usiikuze, usimpelekee mwenzio acheke. Mwanamume aliye kwenye picha hiyo hakuwa akimkosea mtu yeyote. Alikuwa akijifunza kuandika jina lake.