Kokoto Kwenye Wali wa Jumamosi

Wewe umewahi kuchambua mchele wa kulisha watu arobaini? Kazi hiyo yataka subira, na Warda wa darasa la sita hakuwa nayo.

Nyuma ya soko la Kibiti kuna mtaa wa vibanda vya mabati makuukuu. Wengi wa wakazi wake walihamia hapo mafuriko yalipowaondoa deltani. Kila Jumamosi kikundi cha Bi Mwamini huwapikia wazee wa mtaa huo wanaoishi peke yao. Halipwi mtu, ukija, njoo na mikono yako miwili.

Warda na rafiki yake Johari walipewa mchele wauchambue, kila mmoja nyungo tatu. Atakayemaliza kwanza ndiye atakayepakua chakula. Warda aliutaka sana upawa wa kupakulia. Ungo wa kwanza aliupeta vizuri, akatoa kokoto mojamoja. Wa pili aliupitisha macho tu. Wa tatu aliumwaga sufuriani vilevile.

“Nimemaliza, bibi,” akamwambia Bi Mwamini. Johari alikuwa bado kwenye ungo wa pili.

Wali wa nazi ukaiva, na mchuzi wa kambale wenye bamia. Warda akapakua kwa madaha, kila mzee akimshukuru. Mara Mzee Abubakary akashika shavu, akatema kokoto kiganjani.

“Jamani, nimebakiwa na meno mawili,” akasema. “Na haya mwayataka?”

Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Mudy, mchota maji, akadakia, “Huyo ni Johari. Alibaki nyuma, mwisho akalipua kazi.”

Bi Mwamini akamgeukia Johari. “Basi Jumamosi ijayo pumzika nyumbani, mwanangu.”

Johari akainamisha kichwa. Machozi yakamlenga. Warda akautazama upawa mkononi mwake, kisha akamtazama rafiki yake.

“Bibi, ni mimi,” akasema. “Ungo wa mwisho sikuuchambua kabisa. Johari hana kosa.” Akampa Johari upawa.

“Ehe, mpishi wa kokoto,” Mudy akamtania.

“Nyamaza wewe uliyemsingizia mwenzio,” akasema Bi Mwamini. Akamshika Johari bega. “Nisamehe, mwanangu. Na kuwashindanisha nilikosea. Nawe Warda, umefanya vyema kusema kweli. Ila jua, katika kusaidia watu hakuna kazi ndogo. Anayepakua huonekana, anayechambua haonekani, lakini jino la mzee linamjua.”

Johari akapangusa macho, akaanza kupakua. Mzee Abubakary akamwita Warda akae karibu naye.

“Mjukuu wangu, haraka yote ile ilikuwa ya nini?”

Warda akachezea ncha ya mtandio wake.

“Nilitaka kuambiwa asante, babu. Anayechambua haambiwi na mtu.”