Shabiki Wangu Aliufanya Msiba Wangu Mchezo

Nina umri wa miaka thelathini na minne, nimeolewa, na naishi Makongeni, Thika. Kazi yangu wengi hawaielewi. Hata mama mkwe huwaambia watu kwamba naandika vitabu vya watoto.

Mimi hutunga michezo ya hadithi, ile ya kuchezewa mezani. Watu huketi pamoja, kila mmoja akaigiza mhusika wake, na mmoja akawa msimulizi wa kuwaongoza. Ukitaka kuvuka mto au kumdanganya askari, unarusha dadu, na dadu ndiyo huamua.

Mchezo wangu wa kwanza ulipendwa na wanafunzi wa Kahawa Wendani, kisha ukaingia Ruiru. Wakaanzisha grupu la mtandaoni. Wakanitumia picha wakicheza. Mimi niliyezoea kuitwa mvivu wa kukaa nyumbani, sasa vijana walikuwa wananiita mwalimu... Nani asingefurahi?

Kati yao alikuwepo Njoki, msichana wa Ruiru anayeuza vipodozi. Aliujua mchezo wangu kuliko mimi mwenyewe. Alianza kuja Thika Jumapili baada ya kanisa, tukapika chapati pamoja, na akawa ananiita siz. Mimi sina dada. Nikampokea kwa moyo wote.

Kisha nikapata mimba, na mtoto akazaliwa hana pumzi.

Mume wangu, Mwaniki, alilia hospitalini, akashindwa hata kumtazama mtoto. Tuliporudi nyumbani akafunga mdomo. Kila nilipomtaja mwanetu, alitoka nje kuosha pikipiki ambayo tayari ilikuwa safi. Ningefanyaje?

Nikamwambia Njoki yote. Nilimwambia vile nilimwomba nesi aniachie mtoto kidogo, nikamfunga kwa leso yangu ya kujitanda, nikamnong'onezea maneno ya kumuaga na jina lake. Gitau... jina la babake Mwaniki, kwa sababu kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Mwaniki mwenyewe hakujua kwamba nilimpa mtoto jina. Njoki alinishika mikono, akalia nami. Mtu akilia nawe hivyo, utamshuku kwa lipi?

Miezi ikapita. Siku moja Njoki akaniambia mashabiki wa Ruiru wameandaa mkutano katika ukumbi ulio nyuma ya soko, na wananitaka niwe mgeni wao wa heshima. Alisema ametunga hadithi mpya kwa kufuata mchezo wangu, na kwamba ni zawadi yangu. Nikasuka nywele, nikavaa rinda langu zuri, nikaenda.

Meza ilijaa soda na vibanzi. Wachezaji wakaketi, na Njoki akaanza kusimulia. Mama yuko wodini. Mtoto hapumui. Nesi amekuja kumchukua. Mtoto anaitwa Gitau.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kisha akataja leso. Akayasema yale maneno niliyomnong'onezea mwanangu, neno kwa neno, akiiga sauti yangu! Halafu akawaambia wachezaji warushe dadu, waone kama mtoto atavuta pumzi.

Kijana mmoja akapangusa mafuta ya vibanzi kwenye suruali, akarusha. Ikaja moja, namba ya kushindwa.

"Gitau amekataa," akasema.

Meza nzima ikacheka. Mwingine akamsihi Njoki awakubalie warushe tena, eti mtoto apewe nafasi ya pili.

Nilitoka nje nikatapika kando ya mtaro. Sijawahi kuhisi kinyaa cha namna ile... ni kama watu walikuwa wamemfukua mwanangu na kumpitisha mkono kwa mkono.

Njoki alinifuata. Nilitarajia aanguke miguuni mwangu. Badala yake alikunja mikono.

"Siz, ni wewe ulitufunza kwamba hadithi tamu hutoka kwa maisha ya kweli," akasema. "Na hawa watu hawakujua ni yako. Sasa kwa kutoka hivyo umejianika mwenyewe."

Nilimuuliza kama angeweza kumrushia dadu mamake mwenyewe akikata roho. Alirudi ndani kumaliza mchezo.

Hayo hayakutosha. Mtu mmoja alikuwa akirekodi kwa simu, na video ikasambazwa kwenye grupu. Wengine walinitetea. Wengine waliandika kwamba nimejifanya malaika, mchezo ni mchezo. Mmoja aliniuliza, bila haya, kama ile hadithi nitaichapisha!

Video ikamfikia Mwaniki kupitia kwa binamu yake. Aliicheza mbele yangu, chai yake ikipoa.

"Jina la baba yangu nimelisikia kwa watu wanaocheka," akaniambia. "Wewe ulishindwa kuniambia?"

Akafunga begi, akaenda kukaa kwa kakake, mtaa wa Witeithie. Nyumba ikabaki kimya. Sikuweza kushika kalamu, na sauti ya dadu hata ndani ya mfuko ilinichafua roho.

Nilijiondoa kwenye lile grupu, nikamfuata Mwaniki huko Witeithie. Tuliketi kwenye ngazi za ploti, jengo la kupanga alikoishi kakake, watu wakipita na ndoo za maji, nikamsimulia kila kitu tangu mwanzo. Safari hii hakuondoka. Nilipomaliza, aliniuliza mtoto alifanana na nani. Nikamwambia ni yeye, hasa paji la uso. Alilia sana, nami nikalia. Baada ya wiki chache akarudi nyumbani, ingawa bado kuna siku ananitazama kama mgeni.

Juzi nilikutana na Njoki mjini Ruiru. Alinyoosha mikono anikumbatie, akitabasamu kana kwamba hatujakosana. Mwili wote ulinisisimka kwa kinyaa, nikarudi nyuma na kushika njia yangu.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mnaotunga, mnaoimba, mnaohubiri... anayependa kazi yako si lazima awe amekupenda wewe. Wengine wanatafuta tu hadithi nyingine ya kutafuna. Wapeni kazi, wapeni salamu, muishie hapo. Uchungu wa nyumbani upeleke kwanza kwa mtu wa nyumbani, hata kama amekugeuzia mgongo. Mvute shati. Mkalishe chini. Nawasihi, msingoje asikie kutoka kwa watu wanaocheka.